Mbege Isiyoshuka Kooni

Mliponiacha juma lililopita nilikuwa kwenye benchi la mahakama ya wilaya, Moshi mjini, mikono nimeibana katikati ya magoti, nasubiri shahidi wa mwisho wa serikali aitwe. Shahidi mwenyewe alikuwa kaka yangu wa tumbo moja, Wenseslaus. Ndiye niliyemgonga na pikapu.

Aliyekosa gazeti asihangaike kuazima kwa jirani. Nitamwelezea kwa ufupi, maana hata mimi sina hamu ya kuyarudia.

Naitwa Sylvanus, mzaliwa wa Kirua Vunjo. Miaka niliyokuwa Tanga naendesha malori ya watu, kaka aliyang'oa masale ya mpaka akayapanda upya hatua nne ndani ya kihamba, shamba la ukoo nililoachiwa na baba. Kwetu masale si maua ya kupendezesha uwanja. Ndiyo mpaka, na ndiyo yanayopandwa makaburini. Niliporudi nikakuta mistari mitatu ya kahawa yangu imekuwa yake. Miaka sita hatukusalimiana. Hata mama tulimzika kila mtu amesimama upande wake wa kaburi.

Halafu Jumapili moja ya mwaka tisini na sita, baada ya misa, kaka akanitumia wazee niende kwake. Nikaenda. Akanijia uwanjani ameshika jani la sale limefungwa fundo. Aliyekukosea akikuletea jani hilo kuomba msamaha, huna ruhusa ya kulikataa, hata kama amekuulia mtoto. Nikalipokea. Shemeji Margareta, mke wake, akatoa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kaka akaonja kwanza kama ilivyo desturi, akanipa kata. Nikaiinua mdomoni, nikaishusha ikiwa tupu. Vigelegele vikapigwa mpaka kwa jirani wa tatu.

Saa kumi na moja jioni hiyo hiyo nikawasha pikapu kurudi kwangu. Hatua mia mbili kutoka uwanjani pale, kwenye mteremko, nikamvunja kaka paja vipande vitatu.

Nikashtakiwa kwa kuendesha gari nikiwa nimelewa na kujeruhi mtu. Nikakanusha. Nikalala mahabusu wiki mbili, nikapata dhamana, na miezi saba ikapita ya kuambiwa njoo tarehe fulani, hakimu anaumwa, njoo tarehe fulani, faili halijaonekana. Mpaka ikafika asubuhi hii.

Kabla hatujaingia, mwendesha mashtaka alimfuata wakili wangu barazani. Huyu alikuwa Inspekta Filemon, mtu wa maneno machache, na kaunda suti yake ilipigwa pasi mpaka inang'aa.

"Wakili, mteja wako akigeuza jibu leo, akasema ni kweli, mimi sitapinga ombi la huruma. Aliyeumia mwenyewe anamwombea."

Wakili Abdulsalam akacheka. Ni mtoto wa mjini, kazaliwa na kukulia Pasua, na cheko lake linasikika hadi sokoni. "Inspekta, kesi yako imeoza. Koplo wako hakumpima mtu wangu pumzi, hakumnusa hata mdomo. Nigeuze jibu kwa lipi?"

"Nimefikisha tu," akasema Inspekta, akaenda zake.

Mke wangu Hilda alikuwa ameyasikia yote. Akanishika mkono wa shati. "Baba Flavia, kubali. Sema ulilewa. Kaka amesamehe, hakimu naye ana moyo, atakutoza faini tutarudi nyumbani."

"Na leseni?" nikamwuliza Abdulsalam.

"Leseni itakwenda. Mwaka, labda mitatu. Na jela sikuahidi kwamba haimo, hilo ni la hakimu."

Basi hapo ndipo palipokuwa na mfupa wangu. Bila leseni mimi ni nani? Pikapu ile ndiyo iliyokuwa inashusha ndizi na nyanya za nusu ya kijiji kila siku ya soko. Ningeitundika kwenye mawe, nimpigie magoti kijana wa mtu aniendeshee? Halafu nikipita njiani watoto waseme, yule mlevi aliyemvunja kaka yake. Nilikuwa nimeacha pombe miaka minane. Mimi, mlevi!

"Tunaendelea," nikasema. Hilda akaniachia mkono wa shati.

*

Kaka aliingia kwa magongo mawili. Mguu wa kulia ulikuwa umekuwa mfupi, na kila hatua bega lake lilishuka. Karani akampa Biblia, akaapa kwa sauti ile ile anayosomea masomo kanisani.

Inspekta akamwongoza. Tarehe, mahali, nani alikuwepo. Kisha:

"Shahidi, mshtakiwa alikunywa?"

"Alikunywa."

"Kiasi gani?"

"Kata nzima. Nilimpa kwa mkono huu." Akauinua, gongo likayumba. "Mheshimiwa, naomba kusema neno moja."

Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani imemshukia puani. Kila neno alikuwa analiandika kwa mkono wake. "Sema polepole, shahidi. Naandika."

"Huyu ni mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemkosea. Mpaka wa baba niliuhamisha mimi, na nimekwisha kuungama kwa padri na kwa wazee. Huyu alikuwa haonji pombe tena. Siku ile alikunywa kwa ajili yangu, ili yaishe, na mtu aliyeacha siku nyingi pombe humpanda upesi. Kama kuna mwenye kosa la ulevi hapa, ni mimi niliyemlevya. Mguu ni wangu na nimesamehe. Namwomba mumrudishe nyumbani."

Watu nyuma wakaguna kwa huruma. Shemeji Margareta akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Nilipaswa kulia. Ndugu msomaji, sikulia. Nilikasirika. Mtu anakuibia kahawa yako miaka sita, kisha anakuja mbele ya watu kuwa mtakatifu, na wewe unabaki mlevi aliyesamehewa! Nilimchukia kaka asubuhi ile kuliko nilivyomchukia siku nilipoyaona masale mahali pasipo pake.

Zamu ya wakili wangu ikafika. Abdulsalam akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mzee Wenseslaus, pole kwa mguu. Ulipogongwa ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa navuka barabara."

"Ghafla?"

"Ghafla. Niliingia bila kutazama."

"Ahsante. Sina zaidi."

Nilitazama viatu vyangu.

Inspekta akafunga ushahidi wake. Hakimu akasoma mafaili yake kidogo, akasema mshtakiwa ana kesi ya kujibu, tupumzike kwa chai, tukirudi nijitetee.

*

Tulikaa kwenye mkahawa wa nyuma ya mahakama, Abdulsalam, Hilda na mimi. Wakili alikuwa hacheki tena.

"Kaka yako ametuua kwa wema," akasema. "Koplo Khamisi nilimbana wiki ile mpaka akakubali kwamba alinusa shati tu. Daktari kaandika kwamba ulitembea sawa na ulijibu sawa. Nilikuwa nimeshinda. Sasa amesimama mtu wa kanisa, aliyevunjika mguu, na hana kisasi hata chembe, anasema alikuona unamaliza kata. Hakimu atamwamini. Mimi mwenyewe nimemwamini."

Akalichovya andazi kwenye chai. "Hiyo kata ni kubwa kiasi gani?"

"Kama lita moja hivi."

"Lita! Na shati lililowaje kiasi kile, kama uliinywa?"

Nikazungusha kikombe changu mezani.

"Sylvanus, nakuuliza. Shati lipo pale mezani kwa karani, limeandikwa kielelezo namba mbili. Doa limeanzia kwenye kola mpaka mkandani. Mtu akinywa hadondoshi namna ile."

Sasa, ninyi mnaohifadhi magazeti, rudini mkasome nilivyowaandikia tangu juma la kwanza. Niliandika niliiinua kata mdomoni, nikaishusha ikiwa tupu. Hamtaona mahali nilipoandika kwamba nilikunywa.

Sikumeza.

Niliibana midomo, nikaiinamisha kata, mbege ikapita kidevuni ikashukia ndani ya koti. Nilikuwa nimevaa koti zito la misa makusudi, na jua lile! Povu la ulezi likabaki kwenye masharubu, watu wakaliona povu wakapiga vigelegele. Kaka akanikumbatia na mbege yake mwenyewe ikiwa inanichuruzika tumboni, na yeye asijue. Jani nililipokea kwa sababu halikataliwi. Lakini koo ni langu.

Nilimwambia Abdulsalam yote hayo kwa sauti ya chini.

Akaweka kikombe chini. Kisha akacheka lile cheko lake, watu wa meza za jirani wakageuka. "Mungu mkubwa! Miezi saba unanificha hili? Mimi hiyo mbege sijawahi kuionja wala sitaionja, lakini hili hata asiyeijua analielewa. Pombe haikuingia mwilini, basi. Kesi imekwisha. Unasimama, unaapa, unasema hayo hayo uliyoniambia."

Hilda alikuwa ameshika kijiko. Hakukoroga.

"Umesema nini?" akaniuliza.

"Umesikia."

"Ulipokea sale, ukamdanganya kwenye kata?"

"Hilda, si wakati wake."

"Yesu na Maria." Akamgeukia wakili. "Baba, usimwache aseme. Aseme alilewa. Aseme lolote, hilo asilitamke mbele ya Wenseslaus."

"Mama, mlevi anafungwa," Abdulsalam akamjibu kwa upole. "Na ambaye hakunywa anakwenda nyumbani. Mbona ni hesabu nyepesi?"

"Nyumbani wapi? Wewe huelewi. Kwetu mtu akifanya hivyo hana nyumbani."

Abdulsalam akanitazama mimi. Mtu wa Pasua angejuaje? Kwake kata ilikuwa chombo cha pombe, na swali lilikuwa moja tu, imeingia au haikuingia. Ningeweza kumweleza pale pale, chai haijapoa. Nilichagua kutomweleza, kwa sababu jibu lake nililipenda.

"Nitasema," nikamwambia.

*

Nikaapa. Abdulsalam akaniongoza vizuri, neno kwa neno, kama fundi anayepanga matofali.

"Ulipopewa kata, ulifanya nini?"

"Niliinua."

"Ulikunywa?"

"Hapana."

Hakimu akaniangalia juu ya miwani. "Rudia."

"Sikunywa, Mheshimiwa. Nilibana midomo, nikaimwagia kifuani. Hata tone halikushuka kooni."

Nyuma yangu kitu kikaanguka sakafuni kwa kishindo. Sikugeuka. Nilijua ni gongo.

"Aliyeangusha aokote, akae," hakimu akasema, akaendelea kuandika.

Abdulsalam akaliinua shati langu mbele ya mahakama, akaonyesha doa lilikoanzia na lilikoishia. Akasoma fomu ya daktari. Akatoa taarifa ya mkaguzi wa magari: breki nzima, usukani mzima, taa nzima. Alikuwa anataka ionekane kwamba mimi ni dereva makini, mtu wa kutunza gari lake. Akamaliza akakaa, akanikonyeza.

Inspekta Filemon hakuinuka upesi. Alikuwa anachora kitu pembeni ya karatasi yake. Aliposimama hakuwa na karatasi mkononi.

"Mshtakiwa, mimi ni mtu wa Mwika."

Mwika na Kirua ni majirani, mila ni moja. Miezi saba nilikuwa namwona ni polisi tu, sikujiuliza mama yake alimzalia wapi.

"Ndiyo, afande."

"Kwenu Kirua, jani la sale linakataliwa?"

"Halikataliwi."

"Ukishalipokea, kata unapewa ya nini?"

Abdulsalam akaruka. "Mheshimiwa, hii ni kesi ya barabarani. Mwenzangu anataka tujifunze mila?"

"Wakili, kata umeileta wewe mahakamani," hakimu akasema. "Mshtakiwa ajibu."

"Ya kumaliza maneno," nikasema.

"Na aliyeibana midomo?"

Nikajibia kidevuni.

"Sikusikia."

"Hajamaliza."

"Kwa hiyo ulipokuwa unatoka uwanjani kwenda kwenye gari lako, wewe na kaka yako mlikuwa mmepatana, au hamjapatana?"

Nikamtafuta Abdulsalam kwa macho. Cheko lilikuwa limemtoka usoni. Alikuwa ameanza kuelewa, maskini, amechelewa nusu saa.

"Yeye alikuwa amepatana."

"Na wewe?"

"Mimi... bado."

Hakimu akaacha kuandika. Kisha akaandika.

"Umetuambia hukuonja hata tone," Inspekta akaendelea. Sauti yake ilikuwa ya kirafiki kabisa, utadhani tunazungumza habari za mvua. "Basi akili zako zilikuwa timamu?"

"Ndiyo."

"Macho yako hayana shida?"

"Hayana."

"Saa kumi na moja jua lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Breki, wakili wako ametuambia, zilikuwa nzima. Kwenye mteremko ule, dereva akiwa mzima, anamwona mtu kwa umbali gani?"

Ningeweza kusema uongo hapo. Lakini ningesema nini? Nilikuwa nimeapa mara tatu kwamba mimi ni mzima wa kila kitu. Alikuwa ananichuna, na mimi mwenyewe ndiye niliyemshikia ngozi.

"Anamwona mbali," nikasema.

"Sina swali lingine, Mheshimiwa."

*

Hukumu ilisomwa saa nane mchana. Hakimu aliisoma haraka, bila kuinua kichwa.

Upande wa mashtaka ulitakiwa kuthibitisha kwamba mshtakiwa alikuwa amelewa, tena pasipo kuacha shaka. Kipimo cha pumzi hakikufanyika. Daktari hakuona ulevi. Askari alinusa shati. Shahidi muhimu aliona kata ikiinuliwa, hakuona koo. Na mshtakiwa mwenyewe ameieleza mahakama, kwa kiapo, kwamba hakunywa.

"Nimemtazama akisema," hakimu akasoma, "na ninaamini kila neno lake. Kwa shtaka lililo mbele yangu, simwoni na hatia. Anaachiwa huru."

Kisha akavua miwani, akanitazama kwa mara ya kwanza toka asubuhi.

"Mambo mengine uliyoyasema hayakuwa mbele yangu. Lakini nimeyaandika yote."

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, wazee walisema. Hawakusema ni mpenzi wa nani mwingine.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu wa Kirua waliojaza viti vya nyuma walitoka mmoja mmoja, na kila aliyepita karibu yangu alishika nguo yake isiniguse. Shemeji Margareta, aliyenipikia ile mbege siku saba, alinipita hatua moja bila kugeuza shingo. Mwanamke huyu nilimwolea kaka, kama tunavyosema, maana mahari yake nilisaidia kuipeleka kwa mabega yangu.

Nilimwambia Hilda, "Tumeshinda."

Akasema, "Umeshinda." Akaufunga mkoba wake.

Barazani Koplo Khamisi alikuwa ananisubiri. Hakuwa na ukali wowote. Aliniomba nisogee kando, watu wapite.

"Bwana Sylvanus, uko chini ya ulinzi."

"Nimeachiwa sasa hivi! Humo ndani hukuwepo?"

"Nilikuwepo. Ile ni kesi ya ulevi, imekwisha. Hii nyingine."

"Ipi?"

Inspekta Filemon akatokea mlangoni na jalada chini ya kwapa. "Kujaribu kuua," akasema. "Ungekuwa mlevi, Sylvanus, ningekuwa na ajali mkononi. Asubuhi nilikupa nafasi. Umenithibitishia wewe mwenyewe kwamba hukuwa mlevi, na kwamba hukuwa umesamehe. Mimi nifanyeje?"

Abdulsalam alikuwa anapangusa jasho kwa leso. "Usiseme neno. Shtaka hilo ni la Mahakama Kuu, hapa hata jibu hutaulizwa. Nitashughulikia. Wewe funga mdomo tu."

Funga mdomo! Tangu Jumapili ile ya mbege, jambo pekee nililolifanya sawasawa ni kufunga mdomo.

Hapo ndipo niliposikia magongo kwenye saruji. Tok, kisha kimya, kisha tok. Watu wakafungua njia. Kaka Wenseslaus akaja akasimama mbele yangu, karibu kiasi cha kusikia anavyohema. Nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka," nikasema. Miaka sita na miezi saba sikuwa nimemwamkia hivyo. Ilinitoka kama mtu anayejikwaa.

Hakuitikia.

"Mguu huu ukiniuma," akasema, "huwa nauambia: ni pombe. Si mdogo wangu, ni pombe. Miezi saba nauambia hivyo, na wakati mwingine unanisikia, unatulia. Leo nitauambia nini?"

Nikautazama ule mguu.

"Niangalie, Sylvanus. Sikuulizi habari za kihamba. Kichukue chote, na masale nitakuja kuyang'oa mwenyewe kwa mikono yangu. Nakuuliza moja. Uliniona?"

"Usijibu!" Abdulsalam akanivuta koti. "Sylvanus, kama unanisikia, usijibu bila mimi!"

Koplo Khamisi alikuwa ametoa kalamu. Hilda alikuwa ameupa ukuta uso wake. Wote walijua jibu moja la busara, nami nililijua.

Lakini siku nzima niliulizwa maswali na watu waliotaka kushinda. Huyu alikuwa anataka kujua tu.

"Nilikuona, kaka."

Abdulsalam akaliachia koti langu.

Kaka akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitarajia. Hakunitukana. Hakunilaani, ingawa wote barazani pale walikuwa wanaisubiri laana, na nafikiri hata mimi nilikuwa naisubiri. Akageuka kwa shida, gongo moja kwanza, akamkabili Inspekta.

"Afande, yale maelezo niliyoandikisha hospitalini, na haya niliyoapa leo asubuhi, nataka kuyafuta."

"Yapi, mzee?"

"Ya kwamba nilikuwa navuka barabara. Sikuwa navuka. Nilikuwa nimesimama kwenye nyasi, nje kabisa ya barabara. Nilikuwa nampungia mkono."

Inspekta akamtazama kaka muda mrefu. Nilimwona akitafuta namna ya kutoyasikia yale maneno, na akaikosa. "Mzee Wenseslaus," akasema, "uliapa kwa Biblia. Unajua kuapa uongo mahakamani ni kosa? Unajua watu hufungwa kwa hilo?"

"Najua."

"Na mguu huo?"

"Andika, afande."

Inspekta akafungua jalada lake, akalifunga tena. Akamwambia Koplo Khamisi aende kwa karani aombe karatasi mbili za maelezo.

"Mbili za nini, afande?" Khamisi akauliza.

"Moja ya huyu," Inspekta akasema, "na moja ya kaka yake."